Theluthi ya Mshonaji

Mshonaji alirudi kutoka ofisi ya kodi mikono mitupu. Alipita mbele ya duka lake bila kufungua mlango, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa kaka yake mkubwa. Alimkuta barazani akinoa kisu cha jikoni juu ya jiwe, kwa ule mwendo wa taratibu aliofanyia kila kazi tangu alipostaafu. Mtaani walimwita Bohari, kwa kuwa maisha yake yote ya kazi alikuwa mtunza bohari wa idara ya barabara, na katika mikono yake haikuwahi kupotea hata nati. Jina hilo alilipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Cheti umekipata?"

"Wamenikatalia. Wanasema nadaiwa."

Bohari alikiweka kisu chini. Hakuwa mtu wa kushtuka ovyo. Alimwambia aketi, akamwomba mkewe alete maji ya kunywa, kisha akauliza ni deni gani hilo, maana yeye mwenyewe ndiye aliyemzoesha mdogo wake kulipa kodi ya ushonaji kwa wakati, na alijua kwamba hajapata kuchelewa. Mshonaji aliyanywa maji yote kabla ya kujibu. Si la ushonaji, alisema. Ni la nyumba ya marehemu baba.

Hapo Bohari alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyetuliwa mzigo. Kama ni nyumba ya baba, basi wamechanganya mafaili, kwani kodi ya nyumba ile huilipa yeye kila mwaka, tena huwa wa kwanza kwenye foleni, na stakabadhi zote anazo. Nyumba yenyewe haikuwa jumba la kifahari: vyumba vitatu vya kupangisha vilivyopangana kama mabehewa, ua mmoja, bomba moja. Baba yao aliwaachia watoto wake watatu sawa kwa sawa, na majina yao matatu yaliandikwa kwenye hati. Pango lote lilikwenda kumtunza mama yao, ambaye tangu alipopooza upande mmoja alikuwa akilala katika chumba cha ndani, hapo hapo kwa Bohari. Hakuna aliyewahi kutia hata senti moja mfukoni.

"Kesho tutakwenda pamoja," alisema. "Usikeshe unawaza. Hili ni jambo la dakika."

Mshonaji aliitikia kwa kichwa, lakini macho yake hayakuitikia. Hospitali kubwa ya mji ilikuwa imempa zabuni ya kushona mashuka na mavazi ya wodini kwa mwaka mzima, kazi ambayo mjane mwenye duka la mlango mmoja huiota tu. Sharti lilikuwa limebaki moja: kabla ofisi hazijafungwa siku ya Ijumaa awe amewasilisha cheti cha kuthibitisha kwamba hadaiwi kodi. Asipofanya hivyo, kazi inakwenda kwa aliyeshika nafasi ya pili. Naye, katika furaha yake, alikwisha kuchukua vyerehani vinne vya umeme kwa mkopo, na kishika uchumba alichomtangulizia muuzaji kilikuwa akiba yake yote tangu alipomzika mumewe. Zabuni ikipotea, vyerehani vitarudi kwa mwenyewe, na kishika uchumba hakitarudi kwa mtu.

*

Asubuhi yake Bohari alivaa shati lake jeupe la mikono mirefu, akafunga vifungo vyote hadi shingoni, akachukua stakabadhi zake alizozifunga kwa uzi kwa mpangilio wa miaka. Njiani hakuzungumza sana. Alikuwa akiyapanga maneno atakayomwambia ofisa, na ndani yake mlikuwa na ladha kidogo ya kumsamehe.

Ofisa mwenyewe alikuwa msichana mwenye miwani, mpole, aliyemwamkia kwa heshima na kumvutia kiti. Alizipokea stakabadhi kwa mikono miwili, akazipekua, akaitazama kompyuta yake, akazipekua tena.

"Mzee wangu, wewe huna deni lolote," alisema. "Kwa kweli umelipa kupita kiasi."

"Basi na mdogo wangu hana."

"Mdogo wako anadaiwa. Na huyu ndugu yenu mwingine pia, ingawa yeye bado hajaja kuomba kitu."

Alieleza bila haraka, kama mwalimu anayeipenda kazi yake. Hati inasema nyumba ni ya watu watatu, kila mmoja theluthi. Pango nalo, mbele ya sheria, linagawanyika vivyo hivyo, hata kama linakusanywa na mkono mmoja. Bohari alipaswa kutangaza theluthi yake tu, na wadogo zake kila mmoja atangaze yake. Yeye alitangaza pango zima kuwa ni lake. Wao hawakutangaza chochote. Zamani jambo hili lisingeonekana, lakini sasa masijala ya ardhi na ofisi ya kodi zinasomana, na jina la mshonaji lilipoingizwa ili apewe cheti, nyumba ilijitokeza nyuma yake pamoja na miaka yote ya kimya, faini juu yake, na riba juu ya faini.

"Lakini serikali imepata kodi yake yote," Bohari alisema. "Haikupungua hata kidogo."

"Imeipata kutoka kwako, mzee. Kutoka kwao haijaipata."

"Hawakupokea kitu. Pango lote linamtunza mama yetu mgonjwa."

"Mtu akimpa mama yake mshahara wote, mzee wangu, ulikuwa mshahara wake kabla hajampa."

Bohari alitafuta mahali pa kulipasua neno hilo, hakupaona. Lililomuumiza zaidi ni kwamba alimwelewa msichana yule vizuri mno. Kule ghalani kwake, mfuko wa saruji ukiandikwa kwenye kadi ya misumari, kadi zote mbili zilihesabika kuwa na kosa, hata kama rafuni kila kitu kipo. Vijana wengi wa ghala aliwagombeza kwa kosa la namna hiyo. Alijaribu njia hiyo hiyo: kule kazini, alisema, likitokea jambo kama hili, mzigo ulihamishwa kutoka kadi hii kwenda ile, mkubwa akatia sahihi, mambo yakaisha. Sasa alichozidisha yeye kihamishiwe kwa mdogo wake.

"Kodi ya mtu haihamishwi kwenda kwa mtu mwingine. Unaweza kuomba urudishiwe ulichozidisha, kwa miaka mitatu ya karibuni tu. Ya nyuma yake muda umepita."

Aliuliza maombi hayo huchukua muda gani. Ofisa alisema inategemea uhakiki, na kwa jinsi alivyolitamka neno uhakiki, Bohari alijua kwamba si jambo la wiki hii wala ya mwezi huu. Njia iliyobaki kwa mshonaji ilikuwa moja. Akilipa nusu ya deni lake, mfumo utamtolea cheti cha muda, na nusu nyingine atailipa kidogo kidogo. Msichana aliandika kiasi cha nusu hiyo kwenye karatasi ndogo, akaisukuma juu ya meza. Mshonaji aliisoma, akaikunja, akaitia katika mkoba wake bila kumwonyesha kaka yake.

Ofisa, labda kwa huruma, aliuliza kama nyumba iliwahi kufanyiwa matengenezo, kwa sababu gharama za namna hiyo huweza kupunguzwa kwenye mapato. Bohari alijibu kwamba aliezeka upya paa lote, kwa kiinua mgongo chake mwenyewe. Na hakuwahi kudai apunguziwe, kwa sababu hakuona ni adabu kuichangisha serikali kwenye paa la baba yake. Msichana alivua miwani, akaifuta. Stakabadhi za mabati ziko kwa jina lako peke yako, mzee? Ndiyo, kwa jina lake peke yake. Basi zingekusaidia wewe tu, alisema, na wewe hudaiwi.

"Ila nisaidie kuelewa," aliongeza. "Kwa nini hamkuandika kila mtu lake?"

"Mimi ndiye mkubwa wao," Bohari alisema.

Msichana alisubiri aendelee. Alipoona kwamba jibu limekwisha, alirudisha miwani usoni.

Bohari aliomba kumwona mkubwa wa ofisi. Mkubwa alisimama kumpokea, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akawaambia makarani wake kwamba laiti nchi ingekuwa na raia kumi kama huyu. Kisha akasema yaleyale aliyosema msichana, kwa maneno machache zaidi, huku akiwasindikiza mlangoni.

*

Jioni ile waliitana. Ndugu yao wa kati alifika suruali imelowa hadi magotini, kwa maana alikuwa fundi bomba na siku nzima alikuwa ndani ya shimo. Watu walimwita Koki. Hakuwa mtu wa kunyamaza, na hata msibani ilibidi akumbushwe kutofanya mzaha. Alisikiliza habari yote akiwa amesimama, kwa sababu shemeji yake hakutaka alowanishe viti.

"Kumbe mimi ni bwana mwenye nyumba," alisema mwishowe. "Mimi ninayelala chumba cha kupanga na kumkimbia mama mwenye nyumba kila mwisho wa mwezi. Kesho nitamwambia, mama, tuheshimiane, wewe na mimi ni daraja moja."

Mke wa Bohari alimwambia aache upuuzi, dada yake anazama.

"Shemeji, na mimi nazama, ila mimi nimezoea maji. Wakija kwangu watabeba spana na ndoo. Huyu ndiye mwenye cha kupoteza."

Walitazama kila upande. Wazo la kwanza lilikuwa kuiuza nyumba. Kinyozi aliyepanga chumba cha barabarani alikwisha kuitaka zaidi ya mara moja, na fedha yake ingetosha kulipa madeni yote mawili na kubakiza. Lakini Bohari alikuwa amelipeleka jambo hilo pale pale ofisini kabla ya kuondoka. Nyumba haihamishiki mpaka kila mwenye jina kwenye hati awe na cheti cha kutodaiwa.

Koki alikuna kichwa. "Kwa hiyo hatuwezi kulipa mpaka tuuze, na hatuwezi kuuza mpaka tulipe. Aliyetunga hilo hakuwa mjinga."

Mshonaji alikuwa ameketi karibu na mlango wa chumba cha ndani, alipoweza kuisikia pumzi ya mama yao. Sasa alimgeukia kaka yake mkubwa, na sauti yake haikupanda.

"Kaka, kwa nini hukuniambia kuna theluthi yangu ya kuandikwa?"

"Nilitaka msisumbuke. Zile foleni, yale makaratasi. Wewe ulikuwa na msiba wako, huyu ana mambo yake. Nilisema mzigo huu niubebe mimi."

"Hukuniuliza."

Katika ukoo wao Bohari ndiye aliyetoa majibu, na mtu hakumuuliza mdogo wake kama anataka kusaidiwa. Alikuwa amejivunia jambo hilo moyoni mwake kila mwaka, siku ile ya kutoka ofisi ya kodi na stakabadhi mfukoni, akijiona kama mti uliowafunika wadogo zake jua. Sasa hakujua aweke wapi mikono yake. Aliiweka magotini.

Walihesabu walichonacho, na kuhesabu hakukuchukua muda. Kilichosalia cha kiinua mgongo kilikuwa kidogo, paa lilikwisha kukila. Koki alitoa noti zilizolowa, akaziweka mezani zikauke. Mke wa Bohari alisema atauza friza yake, ile aliyokuwa akigandishia barafu na maji ya kuuza, jirani mmoja anaitaka. Bohari alisema friza haiuzwi. Mkewe alimwambia kwa upole kwamba friza si ya ukoo wao, ni yake, na jina lake liko peke yake kwenye risiti. Neno hilo lilipita chumbani kama upepo wa baridi, ingawa hakulisema kwa kuchoma.

Jumla haikufika nusu. Iliyobaki ilikuwa njia ambayo Bohari aliijua tangu mwanzo, akingoja mtu mwingine aitaje. Hakuna aliyeitaja. Akainuka, akasema kesho atakwenda kuwaomba wapangaji pango la mbele.

*

Muuguzi wa chumba cha kati alitoa la mwezi mmoja kabla hajamaliza kuombwa, akasema angekuwa na zaidi angetoa zaidi. Fundi redio wa chumba cha mwisho alikuwa safarini. Akabaki kinyozi.

Na kwa kinyozi kulikuwa na kisa. Mwaka fulani alichelewesha pango, na Bohari alikuja asubuhi, akaketi kwenye kiti cha wateja, mikono juu ya fimbo, akakaa hapo bila kutukana wala kugomba mpaka alipolipwa. Wateja waliingia, wakamwona, wakatoka. Baadaye Bohari alizoea kulisimulia jambo hilo kama mfano wa kudai kistaarabu.

Sasa aliingia akavua kofia. Kinyozi alikuwa na kichwa cha mtu mkononi, nusu kimenyolewa. Alimwamkia vizuri, akamwonyesha kiti kilekile, akaendelea na kazi. Bohari alieleza shida yake mbele ya mteja yule, kwa sababu hapakuwa na nafasi nyingine ya kuielezea. Mashine iliendelea kulia. Kinyozi alinyoa nyuma, akanyoa pembeni, akapulizia dawa, akapiga poda, akamshikia mteja kioo, akapokea ujira wake, akamsindikiza hadi mlangoni. Ndipo alipogeuka.

"Mzee wangu, mwaka jana nilikuletea la miezi miwili nikiwa nasafiri. Ukanirudishia. Ulisema kila mwezi ubebe mzigo wake."

"Nilisema."

"Mimi sina roho mbaya. Nitakupa la mwezi mmoja." Alivuta mtoto wa meza, akahesabu, kisha akashikilia fedha bila kuzitoa. "Ila niandikie risiti. Na tafadhali, weka majina yote matatu. Nimesikia mambo."

Bohari aliandika akiwa amesimama, kwenye meza iliyojaa nywele. Mwandiko wake, ambao wakaguzi wa idara walikuwa wakiusifu, ulipinda. Aliandika jina lake, la Koki, na la mshonaji, moja chini ya jingine, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwake kuyaandika hivyo.

*

Siku ya Alhamisi mshonaji alikwenda hospitali kuomba aongezewe siku chache, na Bohari alimsindikiza ingawa hakuombwa. Mtu wa ununuzi hakuwa mkali. Alisema kushona kwake wanakujua, na bei yake ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote, lakini akimwongezea hata siku moja, mshindi wa pili atamshtaki, naye ana watoto wa kusomesha. Bohari alitaka kusema kwamba kosa si la dada yake, ni lake yeye. Alianza kulisema. Yule mtu alimkatiza kwa heshima akamuuliza yeye ni nani katika kampuni. Bohari alisema yeye ni kaka yake. Mtu wa ununuzi aliitikia kwa kichwa, akaendelea kuzungumza na mshonaji.

Ijumaa walifika ofisi ya kodi mapema. Walikuwa na fedha za friza, za muuguzi, za kinyozi, za Koki, na za kiinua mgongo hadi senti ya mwisho, na bado palipungua si haba. Msichana mwenye miwani aliziona kabla hazijahesabiwa, akajua. Alijaribu, kwa haki yake tunasema alijaribu. Aliingiza kiasi kile mara mbili, akapiga simu kwa mtu fulani ghorofani, akasikiliza, akaiweka chini.

"Mfumo haukubali chini ya nusu," alisema. "Mngenipa nusu, ningekitoa sasa hivi. Nawaambieni ukweli."

Bohari alimwomba achukue hati ya nyumba yake mwenyewe, ile anayoishi, iwe dhamana. Akamwomba amwandikie yeye deni la mdogo wake, alibebe. Akamwomba amwandikie mtu wa hospitali barua ya mistari miwili. Kila ombi lilipata jibu, na kila jibu lilikuwa na sababu, na hakuna sababu aliyoweza kuiita ya uonevu. Angeonewa, angejua la kufanya. Angesimama akasema kwa sauti, watu wangesikia. Hapa hapakuwa na mtu wa kugombana naye.

Koki, aliyekuwa amekuja na nguo zake za kazini, alimnong'oneza dada yake kwamba basi waondoke na fedha zao, walau zitamlisha. Lilikuwa neno la busara. Bohari alitaka kusema kwamba deni ni deni, kama alivyosema maisha yake yote, lakini safari hii ulimi haukumtii. Mshonaji ndiye aliyezichukua noti zile, akazilinganisha kingo, akazipitisha chini ya kioo.

"Punguzeni deni," alisema. "Riba isiendelee kunila."

Alipewa stakabadhi. Ilikuwa kwa jina lake. Aliisoma yote, mstari kwa mstari, kama mtu anayetambulishwa kwa jamaa asiyemfahamu.

*

Muuza vyerehani hakuja na kelele. Alikuja mwisho wa mwezi na gari dogo la mizigo na wapagazi wawili, akampa pole mshonaji, akasema biashara ina siku zake. Bohari na Koki walikuwa hapo tangu asubuhi. Koki alisaidia kubeba, akiwatania wapagazi kwamba wanashika cherehani kama wanambeba bibi harusi asiyetaka kwenda. Wapagazi walicheka. Mshonaji alikuwa akizungusha nyaya, akizifunga vizuri, akapangusa vumbi ambalo halikuwepo.

Muuzaji alikagua kila kimoja. Kwenye cha tatu alisimama. Palikosekana bobini moja, kijichuma kidogo cha kuzungushia uzi, kisichozidi kifungo cha koti. Alisema si kitu kikubwa, lakini itabidi alipwe. Bohari alipiga magoti. Alitambaa chini ya meza kwa shati lake jeupe, akapapasa kwenye vipande vya nyuzi na chaki, akainua mkeka, akatia vidole kwenye ufa wa sakafu. Mshonaji alimwambia aache. Koki alimwambia aache. Aliendelea mpaka muuzaji mwenyewe akaona haya, akasema basi, amesamehe. Bohari alitoka chini ya meza na goti la suruali limechafuka, akauliza bei ya bobini, akailipa. Muuzaji alipokea. Gari likaondoka.

Duka nalo lilirudishwa kwa mwenyewe kabla ya mwezi mwingine kuingia, kwa sababu bila zabuni wala akiba, na deni likingoja, pango lake halikulipika. Cherehani cha zamani, kile cha kukanyaga kwa mguu, walikihamishia kwenye chumba cha mbele cha Bohari, karibu na dirisha, mahali friza iliposimama. Mama yao alikisikia kutoka chumba cha ndani, akauliza kwa ulimi wake mzito ni nani anayeshona. Waliposema ni binti yake, alifurahi. Alisema ni vizuri, sasa watakuwa wote pamoja.

Zabuni ilikwenda kwa tajiri mmoja wa nguo wa upande wa pili wa mji. Tajiri hakuwa na mafundi wa kutosha, akawa anagawa kazi kwa wanawake wanaoshonea majumbani, kwa ujira wa kila pindo. Mshonaji alijiandikisha kwake. Alishona mashuka ya hospitali ile ile, ya kitambaa kile kile alichokuwa amekichagua yeye na kukipangia bei, na alilipwa sehemu ndogo ya alichotarajia. Sehemu ya hiyo sehemu ilikwenda kupunguza deni. Pango la nyumba ya baba sasa liligawanywa mafungu matatu kila mwezi, kila mtu akapewa lake mkononi, akatia sahihi, kisha wote watatu wakalirudisha mezani kwa ajili ya dawa za mama. Bohari aliliendesha zoezi hilo kwa ukamilifu. Aliwauliza kwanza kama wanakubali. Walisema wanakubali.

Maombi yake ya kurudishiwa alichozidisha yalikuwa bado kwenye uhakiki. Alikuwa akienda kuyauliza. Msichana mwenye miwani alihamishwa, na aliyekaa kwenye kiti chake hakumjua.

Alasiri moja Bohari alivuta kigoda, akaketi upande wa pili wa cherehani, akaanza kuyapokea mashuka yanayomalizika. Hakuna aliyemwomba, na hapakuwa na kazi nyingine aliyoweza kumsaidia. Aliyakunja kama alivyokuwa akikunja maturubai ya idara, kona kwa kona, akinyoosha kila mkunjo kwa kiganja. Mshonaji alikanyaga, kitambaa kikapita, kikakatwa uzi, kikatupwa mapajani mwa kaka yake. Ndani, mama yao alikuwa amelala. Ilisikika sindano, na mnong'ono mdogo ambao Bohari mwenyewe hakujua kwamba anaufanya.

"Kaka," mshonaji alisema bila kuinua macho. "Kunja tu. Usihesabu."

Aliitikia. Akachukua shuka lililofuata, akaziunganisha kona zake, akalikunja. Midomo yake ilikuwa bado inatikisika.